Je, Chema Chajiuza? Mwanamuziki Huru na Mashine Zinazotuchagulia Nyimbo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafariji wasanii wengi, kwa kuwa inaahidi kwamba kazi njema haitakosa mnunuzi hata kama mwenyewe hana fedha wala jamaa redioni. Lakini leo wimbo wa kijana wa Kigoma au wa Lindi haumfikii msikilizaji kwa kupita sokoni peke yake. Hupitia kwanza katika kompyuta zilizo mbali, ambazo huamua ni nani atakayewekewa wimbo huo mbele yake na ni nani ambaye hatajua kamwe kwamba upo. Je, methali ingali kweli? Na mwanamuziki asiye na kampuni nyuma yake, anayejitungia, kujirekodia na kujisambazia mwenyewe, afanye nini ili aendelee kubuni mambo mapya badala ya kuitumikia mitambo hiyo?

Katika makala haya nitajaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hesabu zinazoendesha mashine hizo si uchawi. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi. La pili, ambalo ndilo rai yangu, ni kwamba mashine hizo zafaa kuwa mjumbe wa mwanamuziki, lakini hazifai kuwa hakimu wake. Anayezifanya hakimu huanza kwa kubadili nyimbo zake, na humaliza kwa kupoteza kile kilichomfanya awe msanii.

Hesabu zinavyofanya kazi

Neno algorithimu limetokana na jina la Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichotupatia pia neno aljebra. Maana yake ni nyepesi: ni mfululizo wa hatua zilizopangwa ambazo, zikifuatwa bila kukosea, humfikisha mtu kwenye jibu. Kanuni ya kugawanya kwa njia ndefu, ambayo watoto hufundishwa katika shule ya msingi, ni algorithimu.

Algorithimu za kupendekeza nyimbo zilianza kujaribiwa katika maabara na vyuo vikuu vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazo la msingi laweza kuelezwa kwa mfano mdogo. Tuchukue wanafunzi watatu, Asha, Juma na Rehema, na nyimbo tano zilizopewa nambari 1 hadi 5. Asha amesikiliza nyimbo za 1, 2 na 3. Juma amesikiliza za 1, 2 na 4. Rehema amesikiliza wimbo wa 5 peke yake. Ili kupima ufanano wa Asha na Juma, tunachukua idadi ya nyimbo walizosikiliza wote wawili, tunaigawanya kwa idadi ya nyimbo zote zilizosikilizwa na mmoja wao au na wote. Walizoshiriki ni 2, jumla ni 4, basi ufanano wao ni 2/4, yaani 0.5. Ufanano wa Asha na Rehema ni 0. Kwa hiyo mashine itampelekea Asha wimbo wa 4, na itampelekea Juma wimbo wa 3. Rehema haitakuwa na la kumpelekea. Huduma kubwa za muziki hufanya hesabu za jamii hii kwa mamilioni ya watu na nyimbo, na huongeza vipimo vingine, kama vile mwendo wa mapigo na ukubwa wa sauti. Hata hivyo mzizi wake ni huo.

Sasa tuongeze wimbo wa 6, uliotungwa jana. Hakuna aliyeusikiliza, na kwa hiyo safu yake katika jedwali imejaa sifuri. Mashine haikuuchukia wimbo huo wala haikuuona kuwa mbaya. Haina tu la kusema juu yake. Wataalamu wanalijua tatizo hili, nao hulipunguza kwa njia mbili: kuusikilizisha wimbo mpya kwa watu wachache kwanza, au kuulinganisha kwa mlio na nyimbo zilizokwisha kujulikana. Tuitazame vizuri njia hii ya pili. Inadai kwamba wimbo mpya upate nafasi kwa kadiri unavyofanana na wa zamani. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina, kwa sababu kazi ya msanii ni kuleta kile ambacho hakijafanana na kingine.

Jaribio la maharagwe

Liko jambo jingine, nalo ni bahati. Mwalimu wa hisabati aweza kulionyesha darasani kwa kopo na maharagwe ya rangi mbili yanayolingana ukubwa. Atie ndani ya kopo haragwe moja jekundu na moja jeupe. Mwanafunzi achote moja bila kutazama. Likiwa jekundu, alirudishe pamoja na jekundu jingine. Likiwa jeupe, alirudishe pamoja na jeupe jingine. Afanye hivyo mara 18, mpaka kopo liwe na maharagwe 20.

Darasa likigawanywa katika makundi, na kila kundi likapewa kopo lake, matokeo yatawashangaza wengi. Kopo moja laweza kuishia na mekundu 16, jingine 5, jingine 11. Hisabati yathibitisha kwamba idadi yoyote ya mekundu, tangu 1 hadi 19, ina nafasi sawa ya kutokea, yaani 1/19. Lakini ndani ya kopo moja, kadiri uchotaji unavyoendelea, ndivyo uwiano wa rangi unavyotulia na kuacha kuyumba. Jambo hili lilichambuliwa katika miaka ya 1920 na George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria. Mafunzo yake ni makubwa: maharagwe mekundu hayakuwa bora kuliko meupe, ila katika kopo moja yalitangulia kidogo, na kutangulia kukazaa kutangulia zaidi. Mtu aliyekuja mwishoni akatazama kopo lenye mekundu 16 angedhani kwamba wekundu una sifa fulani.

Je, muziki nao huenda hivyo? Mwaka 2006, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio lililohusu watu zaidi ya 14,000. Watu hao walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, na wangeweza kuchukua zile walizozipenda. Baadhi yao hawakuonyeshwa chochote kuhusu uchaguzi wa wenzao. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliona ni mara ngapi kila wimbo umekwisha kuchukuliwa na watu wa kundi lake. Palipoonyeshwa idadi, pengo kati ya nyimbo zilizopendwa na zilizosahauliwa liliongezeka. Na wimbo uliotia fora katika kundi moja uliweza kuwa wa kawaida tu katika jingine. Ni nadra nyimbo bora kabisa kushindwa vibaya, na ni nadra mbovu kabisa kushinda. Lakini kwa nyimbo zote zilizo katikati, karibu lolote liliweza kutokea.

Basi methali yetu ni kweli nusu. Kibaya kabisa hakiuziki hata kikijitembeza, lakini kilicho chema chaweza kudoda sokoni kwa sababu tu hakikutangulia. Fikiri juu ya kijana wa kidato cha nne aliyetunga wimbo, akaurekodi kwa simu, akauweka kwenye intaneti, na baada ya wiki mbili akaona kwamba umesikilizwa mara 43. Huenda akaisoma nambari hiyo kama hukumu juu ya kipaji chake, akaacha kutunga, au akaanza kuiga wimbo wa mtu mwingine uliosikilizwa mara milioni. Kwa takwimu, hana haki ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nambari 43 ni maharagwe machache ya mwanzo katika kopo moja.

Faida isikanwe

Haitakuwa haki kusema kwamba zamani mlango ulikuwa wazi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake, na bendi iliyotaka kusikika nchini ilirekodi katika studio yake, baada ya mashairi kukaguliwa. Redio binafsi zilipokuja, mamlaka yalihamia kwa watangazaji na wasambazaji wa kanda. Leo msanii wa Sumbawanga aweza kuwafikishia wimbo wake wasikilizaji wa Kiswahili walioko Muscat au Minneapolis bila kumwomba mtu ruhusa. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015, na Spotify, iliyoanza kutoa huduma Ulaya mwaka 2008, ilifunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Hii ni faida ya kweli, na asiyeiona anajifumba macho.

Lakini mlango huo una masharti yake. Katika Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Na tangu mwaka 2024 wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia hauingizwi katika mgawo wa malipo ya rekodi. Masharti hayo mawili yatosha kumfundisha mtunzi tabia mpya: alete kiitikio mapema, afupishe ala za mwanzo, asimwachie msikilizaji nafasi ya kusitasita.

Mtafiti Hubert Léveillé Gauvin alipima nyimbo zilizoongoza chati za Marekani kuanzia mwaka 1986 hadi 2015. Aligundua kwamba utangulizi wa ala kabla ya sauti ya mwimbaji ulipungua kutoka zaidi ya sekunde 20 hadi sekunde 5 hivi. Mwanafunzi wa sayansi yafaa aangalie hapa: upungufu huo ulianza kabla ya huduma za intaneti, na kwa hiyo hatuwezi kuzibebesha lawama yote. Hata hivyo mwelekeo ni dhahiri. Mtu aliyezoea muziki wa dansi wa hapa kwetu, ambao huanza kwa uimbaji wa polepole, kisha huingia kwenye chemko ambapo magitaa hujibizana na wachezaji huinuka, ataelewa kinachopotea pale wimbo unapolazimika kujieleza wote katika nusu dakika.

Vyombo vya kutungia navyo vina maamuzi yaliyokwisha kufanywa na mtu mwingine. Programu nyingi za kurekodi hufunguka zikiwa zimepangwa tayari kwa mapigo 120 kwa dakika, mdundo wa nne kwa nne, na oktavu iliyogawanywa sehemu 12 sawa. Mwaka 1997 ilitolewa Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji. Mbunifu wake, Andy Hildebrand, alikuwa amezitumia hesabu za namna hiyo kuchunguza mitetemo ya ardhi katika kutafuta mafuta. Ni kazi ya akili kubwa. Lakini tuulize: sauti inanyooshwa ifuate mstari wa nani?

Chukua muziki wa Wagogo wa Dodoma, ambao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha katika kumbi za ulimwengu kwa ilimba na zeze. Wataalamu wameonyesha kwamba sauti zake hufuata zile zinazozaliwa kwa asili katika uzi unaotetemeka, ambazo frikwensi zake ni mara 4, 5, 6, 7 na kuendelea za sauti ya msingi. Uwiano wa sauti ya 7 kwa ya 4 ni 7/4. Wanamuziki hupima nafasi kati ya sauti kwa senti, na oktavu moja ina senti 1,200. Mwanafunzi agawanye logi ya 1.75 kwa logi ya 2, kisha azidishe kwa 1,200. Atapata 969 hivi. Kinanda cha kawaida kina sauti ya senti 900 na ya senti 1,000, lakini ya 969 hakina. Programu ya kunyoosha sauti, ikiachwa kama ilivyonunuliwa, itaivuta sauti hiyo ya Kigogo senti 31 juu na kudai kwamba imeisahihisha. Sisemi programu hizo zisitumike. Nasema kwamba anayezitumia hana budi kujua zinachokifanya, ili uamuzi uwe wake.

Mitindo ilivyozaliwa

Tatizo la chombo kumwekea msanii mipaka si geni kwetu. Mwaka 1928, Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri za wakati ule, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu hivi kila upande, na taarabu haikuzaliwa kwa kipimo hicho. Siti aliikubali mipaka ya santuri, akaiacha ipeleke sauti yake mbali. Lakini muziki wenyewe uliendelea kuishi Ng'ambo, usiku, mbele ya watu waliomjua na waliojua anaimba juu ya nini. Santuri ilikuwa mjumbe.

Miaka ya 1970 na 1980, bendi za dansi za Dar es Salaam zilishindana kwa kile kilichoitwa mtindo. Mlimani Park ilikuwa na Sikinde, JUWATA ilikuwa na Msondo, Maquis ilikuwa na Kamanyola. Jina la Sikinde lilitoka katika ngoma ya Wazaramo. Mtindo ulikuwa alama ya tofauti: mpenzi wa dansi alilipa kiingilio ili asikie kile ambacho ukumbi wa jirani hauna. Mashine ya leo humlipa anayefanana na jirani yake. Ukumbi ule ulimlipa anayetofautiana naye.

Mfano wa karibu zaidi ni singeli, iliyokua katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati. Vijana walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza kwa kompyuta za bei nafuu hadi mapigo 200, na hata karibu 300, kwa dakika, wakavipiga katika sherehe za mitaani zilizojulikana kama vigodoro. Hakuna jedwali ambalo lingependekeza muziki wa namna hiyo, kwa kuwa safu yake ilikuwa imejaa sifuri. Walioupendekeza ni wachezaji wenyewe, ambao miguu yao ilimwambia mpiga muziki papo hapo nini kimefaa na nini hakikufaa. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na singeli ikapata wasikilizaji Ulaya. Tuuangalie mpangilio wa mambo: mtaa ulitangulia, mashine zikafuata.

Nini kifanyike

Kutokana na hayo, nina ushauri wa aina tatu kwa mwanamuziki huru. Kwanza, awe na mahali halisi pa kusikilizwa, hata pakiwa padogo: uwanja wa shule, kwaya, sherehe ya mtaa, baraza la jioni. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko si fedha tu. Watu ishirini wanaoonekana kwa macho hutoa habari nyingi kuliko nambari elfu moja, kwa sababu huonyesha ni ubeti gani uliowagusa na ni wapi walipoanza kuzungumza wao kwa wao.

Pili, atenganishe saa ya kutunga na saa ya kuhesabu, na atenge sehemu ya kazi yake kwa majaribio. Tuseme katika kila nyimbo tano, moja iwe ya kujaribu jambo asilolijua. Hili si wazo la kishairi. Wabunifu wa algorithimu wenyewe hufanya hivyo: mashine iliyotengenezwa vizuri hutenga sehemu ya nafasi zake kupendekeza mambo ambayo haina uhakika nayo, kwa kuwa isipojaribu haitajifunza. Ikiwa hata mashine haiwezi kuishi kwa yale tu iliyokwisha kuyajua, mtunzi ataishije?

Tatu, ashike mwenyewe mali yake: nakala asilia za rekodi, hati za haki ya kazi yake, na njia ya kuwasiliana na wasikilizaji wake bila kupitia kwa mtu wa kati. Masharti ya huduma hubadilika, kama yalivyobadilika mwaka 2024, na msanii mdogo haulizwi.

Kwa walimu, ombi langu ni jepesi zaidi. Jaribio la maharagwe halihitaji fedha, na laingia vizuri katika somo la uwezekano. Kupima senti za filimbi au marimba ya kijijini kwaingia katika somo la mawimbi na la logi. Na kama shule ina chama cha muziki, wimbo mpya wa mwanafunzi usikilizwe hapo kwanza, wote, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla haujawekewa nambari yoyote. Kisha wenzake waseme kwa maneno yao walichokisikia.

Mwanafunzi akija baadaye na ile nambari yake ya 43, ameinamisha kichwa, mwalimu asimwambie kwamba ni ndogo wala kwamba itakua. Amwulize: hao 43 ni akina nani, umezungumza na wangapi, na walikuambia nini juu ya wimbo wako?